Daftari la Safu Tatu

Siku niliyotoka kazini walinipa blanketi na saa ya ukutani, wakaimba, wakapiga makofi. Blanketi ninalitumia. Saa nimemwachia mke wangu, maana miaka yote mimi nilijua wakati kwa kelele za vikombe vya chai wodini. Kama kuna anayetaka kujua nilipanda kutoka cheo gani mpaka cheo gani, amuulize karani wa ofisi, faili iko. Mimi nawaandikia nyinyi mnaobaki, vijana wa wodi na wa chumba cha daktari, juu ya kazi yenyewe. Na kazi yangu ilikuwa mdomo. Kwa miaka mingi mdomo wa Mzungu na sikio la Mkamba vilikutana kwangu, na hapakuwa na njia nyingine ya kupita.

Sitajifanya mnyenyekevu. Nilifika darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza. Lakini katika hospitali ile ya misheni, pale milimani juu ya soko la Tawa, hakuna daktari aliyeanza raundi ya asubuhi kabla ya kuuliza, "Where is Nzioka?" Wamekuja madaktari wenye vyeti vya kujaza ukuta, wakasimama mlangoni wakiningoja nimalize chai yangu. Heshima hiyo sikupewa na mtu. Niliipata kwa masikio haya mawili.

Nilizaliwa Kitui, ng'ambo ya mto Athi, na mto huo niliuvuka kwa miguu maji yakiwa kiunoni, viatu vyangu nimevifunga shingoni. Ilikuwa miaka ya sitini, Uhuru ukiwa bado mpya. Kazi ya kwanza niliyopewa ni kufyeka nyasi. Nilijifunza haraka kwamba nyasi zilizo chini ya dirisha la daktari huota upesi kuliko nyasi zote za kiwanja. Kila asubuhi nilikuwa hapo na panga, nikikata kidogo, nikisikiliza sana.

Daktari aliyekuwepo tulimwita Daktari Mrefu. Alikuwa mtu mzuri, mwenye sauti ya chini, na alikuwa na tabia moja iliyonishangaza: jambo likiwa kubwa, maneno yake yalikuwa madogo. Kiingereza nilichoonja shuleni kilikuwa cha "this is a table". Kiingereza cha Daktari Mrefu kilizunguka meza yote na hakikuigusa.

Aliyenitoa kwenye nyasi ni Mzee Muasya, dresa, yaani mfunga vidonda, wa zamani, mtu wa jicho moja zima na jingine lenye ukungu. Ndiye aliyekuwa mkalimani kabla yangu. Siku moja meno yalimuuma mpaka shavu likafura, na daktari alikuwa na foleni ya wagonjwa mpaka kwenye mti wa uani. Muasya akatoka nje akaniita.

"Wewe unayekata nyasi ambazo hazipo," akasema. "Unafikiri sikuoni?"

"Ninafanya kazi yangu, nau." Hivyo ndivyo tunavyomwita baba, na yeye alikuwa wa rika la baba yangu.

"Kazi yako ni kuiba Kizungu. Nawa mikono, uingie."

Nikanawa, nikaingia, na sikutoka tena mpaka siku ya blanketi.

Muasya alinifundisha mambo ambayo hayako katika kitabu chochote. Mkalimani hasimami karibu na daktari, anasimama karibu na mgonjwa, ili mgonjwa asijione ameshtakiwa na watu wawili. Mkalimani hacheki kabla ya mgonjwa. Mkalimani haongezi ushauri wake, hata kama ni mzuri kuliko wa daktari, na mara nyingi wangu ulikuwa mzuri. Na jambo la mwisho, ambalo alilirudia mara nyingi: habari ya kifo haipewi mwanamke akiwa peke yake na akiwa amesimama. Unangoja wanaume wa kwao wafike. Mnaketi. Watu wanakunywa kitu. Ndipo neno linatolewa, na linatolewa polepole, limefunikwa. Hivyo ndivyo tulivyolelewa wote, Kitui na Makueni. Sikuona sababu ya kuuliza.

Sasa niwaeleze juu ya daftari, kwa maana ndilo lililonifanya mtu.

Nilinunua daftari la shule, la mistari, nikalichora safu tatu. Safu ya kwanza niliandika maneno ya daktari kama nilivyoyasikia. Safu ya pili niliandika uso wake ulivyokuwa na mikono yake ilivyofanya. Safu ya tatu niliandika kilichotokea baadaye. Sikumuuliza mtu maana. Maana niliipata katika safu ya tatu, wakati mwingine baada ya wiki, na hiyo haikuwahi kunidanganya.

Kwa mfano: "touch wood". Safu ya pili: anagonga meza. Safu ya tatu: mgonjwa alikuwa anapona, lakini daktari bado anaogopa kujivuna. Nikajua. "She's turned the corner": daktari anatabasamu upande mmoja. Safu ya tatu: mgonjwa aliomba ugali. Nikajua ni hali mbaya iliyogeuka kuwa nzuri. "Under the weather": aliisema juu ya mke wake ambaye hakuonekana kanisani. Safu ya tatu: malaria. "Once in a blue moon": aliisema juu ya mkaguzi aliyetakiwa kututembelea. Safu ya tatu niliiacha wazi muda mrefu, halafu nikaandika: hajaja. Na jenereta ilipoharibika alisema kuitengeneza ni "an arm and a leg", yaani ni ghali sana, na nilifurahi kwamba maneno hayo aliyasema ofisini na si katika wodi ya waliovunjika.

Daftari lilipojaa nilinunua la pili. Habari ikaenea. Manesi wenye shahada walikuja kuliazima kwa siri, wamelificha ndani ya aproni. Mwalimu mmoja wa sekondari alipanda kutoka Tawa, amevaa tai, akanikuta nachemsha sindano.

"Nimeambiwa una daftari la misemo ya Kiingereza," akasema. "Mtu wa darasa la tatu atanifundisha nini mimi?"

"Nitakufundisha vile Mzungu anasema akiwa amechoka, mwalimu. Kitabu chako kiliandikwa akiwa amelala vizuri."

Akakasirika. "Haya, nipe mmoja."

"'To pull through' ni nini?"

"Kuvuta kupitia katikati," akasema.

"Ni mgonjwa kupona wakati hakuna aliyetarajia. Nimeona watu saba. Majina yao haya hapa."

Mwalimu akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akanakili mpaka saa ya chakula. Tai aliiweka mfukoni ili isiguse wino. Huyo sasa ni mtu mkubwa katika elimu, na nikimkuta njiani huvua kofia.

Nimejisifu vya kutosha. Mliofanya kazi na mimi mnajua ningeweza kuendelea. Lakini nimewaandikia kwa sababu ya jambo moja, na ni hili linalofuata.

Alikuja mgonjwa kutoka Kiboko anaitwa Kimeu, mchimba visima, mwanamume mwenye mabega ya kubeba dunia. Utumbo wake ulikuwa umetoboka. Daktari Mrefu alimpasua, akamsafisha, akamshona. Siku ya tano homa ikapanda na haikushuka. Mke wake, Syombua, alikuwa analala kwenye baraza la jamaa za wagonjwa, na mgongoni alikuwa na mtoto wao wa kwanza, Mutuku, ambaye alikuwa hajaota jino. Ndugu za Kimeu walikuwa wanafanya kazi Mombasa. Baba yake alikuwa amekufa. Kwa hiyo wanaume wa kwao hawakuwepo, na hakuna aliyejua wangefika lini.

Asubuhi moja mvua ya vuli ikaanza. Nyinyi mnaijua mvua yetu. Ile ya kwanza ikikukuta hujapanda, umeshapoteza msimu, na watoto watakuuliza mpaka mwaka ujao. Syombua alikuja mlangoni mwa wodi, maji yakimtiririka.

"Nzioka, mwana wa mwaitu," akaniambia, yaani ndugu yangu wa mama mmoja, na hatukuwa na undugu wowote. "Dereva wa basi anasema imenyesha mpaka Kiboko. Shamba limelimwa. Mbegu ziko ndani ya kibuyu. Nyumbani hakuna mtu. Niulizie daktari, niende nipande au nikae? Leo niende, kesho nipande, keshokutwa nimerudi. Siku tatu tu. Akisema nikae, nitakaa. Mbegu zioze."

Nikamuuliza daktari kwa Kiingereza. Daktari Mrefu alitazama kadi ya Kimeu, akavua miwani, akaisugua kwa koti lake. Akasema hivi, na nitayaandika maneno yake yote kwa sababu nimeyabeba bila kudondosha hata moja: "Well, we're not out of the woods, I'm afraid. It's touch and go. If I were in her shoes, I shouldn't go far."

Najua mnachofikiria. Mnafikiri sikuelewa. Ningekuwa sikuelewa, ningelala vizuri miaka hii yote.

Nilielewa kila neno. "Not out of the woods" maana yake hatari bado ipo. "In her shoes" maana yake kama mimi ningekuwa yeye. Na "touch and go" ilikuwa na ukurasa wake peke yake katika daftari langu, kwa maana Daktari Mrefu hakuisema ovyo. Katika safu ya tatu ya ukurasa huo niliandika majina, na kila aliyefariki nilimwekea msalaba mdogo. Misalaba ilikuwa mingi kuliko majina yasiyo na msalaba. Mtu huyu alikuwa amesema, kwa lugha ya kwao, kwamba Kimeu anakufa na mke wake asiondoke. Hapakuwa na mtu mwingine katika wodi nzima aliyelijua hilo ila mimi na yeye.

Nikamtazama Syombua. Alikuwa amesimama. Alikuwa peke yake. Mtoto alikuwa mgongoni ananyonya pembe ya kitambaa. Nikakumbuka kila kitu nilichofundishwa: si mwanamke, si amesimama, si peke yake. Na tena, nitasema ukweli, nilitaka kusema vizuri. Nilikuwa nasifiwa kwa kusema vizuri. Wazee walikuwa wanakuja wodini kusikia tu ninavyogeuza maneno ya daktari yakawa kama ya baraza la wazee. Basi nikamwambia kwa Kikamba:

"Daktari anasema mumeo bado yuko njiani, na njia ni ndefu kidogo. Anaendelea kujaribu. Wewe usikawie."

Uso wake ukafunguka. "Usikawie" alilisikia kuwa ruhusa, na nani angelisikia vingine?

"Basi naweza kwenda."

Niliitikia kwa kichwa kwa namna ambayo ningeweza kusema baadaye kwamba sikuitikia.

"Does she understand?" daktari akaniuliza.

"She understands, Daktari."

Daktari aliyafunika maneno yake kwa kitambaa kimoja, kama desturi ya watu wa kwao. Mimi nikaongeza kitambaa cha pili, kama desturi ya watu wa kwetu. Yule aliyehitaji kuona kilichomo ndani akapewa furushi zuri, akaondoka nalo. Alikwenda kumuaga Kimeu, akamwekea maji karibu na mkono, akapanda basi.

Siku ya pili, saa sita mchana, Kimeu aliniita. Sauti yake ilikuwa imebaki ndogo.

"Syombua amefika?"

"Amefika Kiboko," nikasema.

"Anapanda?"

"Anapanda."

"Mwambie kunde aziweke upande wa chini wa shamba, kwa mchanga. Juu zitakauka."

"Nitamwambia."

"Mwambie leo," akasema, kama mtu ambaye simu iko mkononi mwake. Akafunga macho. Siku ya tatu asubuhi, chai ikigawiwa, alifariki.

Syombua alifika mchana uleule. Alikuwa na udongo mwekundu ndani ya kucha, na chupa ya uji aliyoifunga kwa nguo ili usipoe. Muasya ndiye aliyemkalisha chini. Wanawake wa baraza walimzunguka. Alilia, akanyamaza, akasimama, akaja pale tulipokuwa, mimi na Daktari Mrefu, kwenye baraza la wodi.

Daktari aliongea kwanza. "Tell her I'm so sorry," akasema. "But I did warn her, poor soul. Why ever did she go?"

Nikageuka kwa Syombua. "Daktari anakupa pole sana," nikasema. Nikaishia hapo; kwamba alimwonya, na kwamba anashangaa kwa nini alikwenda, sikuligeuza.

Syombua akasema, "Muulize. Siku ile nilipomuuliza, alikuwa anajua?"

Nikageuka kwa daktari. "She is thanking you, Daktari," nikasema.

Daktari Mrefu akainamisha kichwa mbele yake. Syombua akamtazama, akangoja jibu la swali lake. Na kwa kuwa daktari alikuwa ameinama kimya, nikamwambia, "Anasema ni Mungu tu aliyejua."

Walisimama pale, watu wawili waaminifu. Mmoja aliamini ameonya na hakusikilizwa. Mwingine aliamini hakuna aliyejua. Katikati yao alisimama mtu mmoja aliyejua Kikamba na Kiingereza, na mtu huyo aliwanyima wote wawili. Miguu yangu ilikuwa hatua moja kutoka kwa kila mmoja.

Nilimwambia Muasya jioni ile tukifunga stoo ya dawa. Aliketi juu ya kreti.

"Ulifanya vile nilikufundisha," akasema.

"Ndiyo, nau."

"Basi na mimi nina sehemu yangu." Akasugua lile jicho lenye ukungu. "Lakini ile ya pili, ya baraza, hiyo sikukufundisha. Hiyo ni yako mwenyewe."

Hakuitaja tena mpaka alipokufa. Hakuhitaji.

Kesho yake nilichora safu ya nne katika daftari. Juu yake niliandika: maneno matupu. Kila msemo wa daktari nikauandikia pale maneno ya Kikamba ambayo ningemwambia mwenye mgonjwa, bila kitambaa wala njia ndefu, maneno ambayo mtoto wa kuchunga mbuzi angeelewa. Ilinichukua msimu mzima, kwa maana nilikuwa na misemo mingi na aibu nyingi. "He's on his last legs": anakufa. "It's in the lap of the gods": sijui kama atapona, na dawa yangu imeisha. "We'll play it by ear": sijui bado nitafanya nini, nitaona kesho. Nyinyi mnaojua Kiingereza cha chuo, msicheke hiyo ya mwisho. Mwenye mgonjwa ana haki ya kusikia kwamba daktari hajui bado.

Tena nikabadilisha namna ya kufanya kazi. Daktari Mrefu akisema neno lililofunikwa, sikuligeuza. Nilimrudishia.

"Daktari, ni kusema atakufa?"

Mara ya kwanza ilikuwa juu ya msichana mmoja mgonjwa, na daktari alishtuka, masikio yakawa mekundu. "One doesn't like to put it quite so baldly, Nzioka."

"Wewe hupendi kulisema wazi hivyo, Daktari. Mimi ndiye nitasema. Wewe niambie ndiyo au hapana."

Aliuma mdomo. Baba wa msichana, mkulima kutoka upande wa Makindu, alikuwa ametukazia macho sote wawili.

"Yes," daktari akasema. "This week, I think."

Nikavuta kiti nikamkalisha yule baba, kwa maana kuketi hakudhuru neno. Kisha nikamwambia: "Daktari anasema binti yako atakufa wiki hii." Alinishika mkono mpaka ukafa ganzi. Halafu akainuka akaenda kuwaita mama na nyanya wa msichana, na walikuwepo wote, wakamwimbia nyimbo za kanisani, msichana akiwa katikati yao. Mkunga mmoja aliniambia nina moyo wa jiwe. Nilimwacha aseme. Toka siku ile mpaka siku ya blanketi, hakuna mtu aliyeondoka katika wodi yangu bila kujua anaacha nini.

Daktari Mrefu alirudi kwao miaka ya sabini. Kwenye chai ya kumuaga alisema mbele ya watu wote kwamba mimi nilikuwa "right-hand man" wake, yaani msaidizi ambaye bila yeye daktari asingeweza kufanya kazi. Watu walishangilia. Nilikuwa na neno la kumwambia, juu ya Syombua. Nilikuwa nalo mdomoni, likiwa zima, kwa Kiingereza kizuri. Gari likaja, akapanda, akapunga mkono. Hiyo pia ni yangu mwenyewe.

Baada ya kustaafu nilikaa nyumbani wiki mbili. Wiki ya tatu nikavaa koti langu zuri, nikashuka mpaka barabara kuu, nikaenda Kiboko. Nilimuulizia Syombua sokoni, nikaelekezwa. Nilimkuta uani anapepeta mbaazi. Alininyanyulia macho, akaendelea kupepeta mara mbili tatu, kisha akaweka uteo chini.

"Wewe ni Nzioka wa hospitali."

"Ndiye mimi, mwaitu."

"Umechakaa kama makoti yenu."

"Koti ni jipya. Aliyechakaa ni mwenye koti."

Akacheka kidogo. Akanipa kiti na uji, akauliza habari za barabarani, za mke wangu, za watoto wangu. Kwetu hakuna anayekurupusha mgeni. Nilikunywa nusu, nikaweka kikombe chini.

"Siku ile ulimuuliza daktari kama alijua," nikasema. "Sikumuuliza. Alikuwa anajua. Siku ya mvua alikujibu, na mimi sikukupa jibu lake."

Hakushtuka. Alikunja mikono juu ya mapaja.

"Sema vile alisema," akaniambia. "Kwa Kizungu chenyewe."

Nikasema. Not out of the woods. Touch and go. If I were in her shoes, I shouldn't go far. Alisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa, ingawa hajui Kiingereza hata cha salamu.

"Ni marefu," akasema. "Sasa sema kwa Kikamba. Vile ungeniambia siku ile."

Nimesema maneno mengi kwa Kikamba katika kazi yangu, na wazee wamenisifu. Haya yalinishinda mara ya kwanza. Mara ya pili yakatoka.

"Mume wako anakufa. Usiende."

Kuku walikuwa wanadonoa mbaazi zilizomwagika, na hakuwafukuza.

"Kumbe yalikuwa maneno machache hivyo," akasema.

Akamwita mwanawe, Mutuku, yule aliyekuwa mgongoni. Akatoka nyuma ya nyumba, mtu mzima, mabega ya baba yake, jembe mkononi. "Huyu ni mtu wa hospitali," Syombua akamwambia. "Keti usikie. Nzioka, mwambie na yeye." Nikarudia yote, maneno ya daktari, maneno yangu, na lile la baraza. Mutuku alinitazama muda wote bila kupepesa. Hakunitukana, na hakunipa mkono.

"Kuna lingine," nikasema. "Alikutumia neno, siku moja kabla ya kufa. Sikulileta, kwa maana ungeuliza alijuaje kwamba hatakuona. Alisema kunde uziweke upande wa chini wa shamba, kwa mchanga. Alisema juu zitakauka."

Syombua akafunika mdomo kwa kiganja.

"Nilizipanda juu," akasema. "Zilikauka zote. Na kila mwaka nimezipanda juu, karibu na nyumba, nikisema ni jua la Kiboko."

Akainuka, akaenda mpaka mwisho wa ua, akatazama chini kule ambako shamba linaishia kwenye mchanga wa kijito. Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa milima, kwa maana ulikuwa ni mwezi wa mbegu.

"Mutuku," akasema, bila kugeuka. "Msimu huu kunde ni upande wa chini. Baba yako amesema."